Mlinda Mlango wa Kibosho

Kibosho, 22 Aprili 2025

Mume wangu mdogo Julius,

Bibi yako Mektrida ni mzima kwa kiwango cha mtu wa miaka themanini na moja: magoti yanalia, macho yanachagua cha kuona, na mdomo, kama unavyoujua, haujapata ugonjwa wowote. Masika imeshika tangu Jumapili ya Matawi. Njia ya kanisani ina utelezi kiasi kwamba Pasaka nzima nilikuwa nakukumbuka wewe, mtu uliyesomea kuteleza. Baba yako mdogo Gaspari anakusalimu. Hakuniambia nikusalimu, nimeamua tu kumsaidia.

Asante kwa shada la maua la mazishi ya baba yako. Lilifika wiki mbili baada ya sisi kuzika, lakini ni la plastiki, kwa hiyo halikuwa limenyauka. Nililiweka juu ya kaburi. Mbuzi wa Gaspari alilionja akalitema.

Kwa kuwa hukuwepo, nikueleze. Tulimzika Kornel Jumamosi tarehe mosi Machi, saa nane mchana, kihambani kwake, kwenye shamba la nyumbani, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu walitoka mpaka Holili. Walikula machalari ya ndizi, wakafuta midomo, wakaanza kuniuliza mmoja mmoja: "Mwalimu, mtoto wake wa pekee yuko wapi?" Nikaona kuliko kujibu mara mia, bora nijibu mara moja. Nikasimama. Nikawatangazia kwamba Julius ni mlinda mlango wa timu kubwa ya mpira wa magongo wa kwenye barafu huko Slovakia, kwamba siku hiyo hiyo wana mechi ya kufa na kupona, kwamba mji mzima unamtegemea yeye, na kwamba hawakumruhusu. Padri akayarudia kwenye mahubiri. Mama mmoja wa Soweto, hapo mjini, alikulilia wewe kuliko alivyomlilia marehemu.

Sasa naomba taarifa kamili. Uliuokoa huo mji? Ulizuia mangapi? Watu wananiuliza kila Jumapili, nami nimechoka kubuni. Niandikie, usinipigie. Simu ni ya watu wanaopenda kusema haloo mara kumi kisha wakatike.

Gaspari ameanza kukata majani ya ng'ombe wake kihambani kwa baba yako, kwa huruma tu, migomba isijisikie mpweke. Juzi nimeona gambuti zake barazani. Nadhani zilikuja zenyewe.

Ni mimi bibi yako, ambaye sijaokoa mji wowote,
Mektrida


Kamenná Lúka, 27 Mei 2025

Shikamoo bibi,

Barua yako ilinikuta na afya njema, ukiacha goti moja na kidole ambacho hakijawahi kunyooka tangu mwaka 2016. Mama anakusalimu. Yeye alisema kweli, sijamsaidia. Huku ni majira ya kuchipua, watu wamevua makoti na wanatembea wakitabasamu kama waliofunguliwa gerezani. Kama utaona makosa humu, kumbuka aliyenifundisha kuandika ni mwalimu mmoja wa Kibosho, kabla baba na mama hawajaachana, mama akanileta huku kwao nikiwa na miaka kumi. Lawama zote ziende kwake.

Uliuliza niliokoaje mji. Kwanza ujue nilivyofika golini. Watoto wa huku huanza kuteleza kabla ya kujua kusema. Mimi siku ya kwanza nilishikilia ukuta saa nzima, nikauzunguka uwanja wote kwa mikono. Kocha akanitazama, akasema: "Huyu hawezi kwenda popote. Mwekeni golini." Ndivyo kipaji changu kilivyogunduliwa.

Kuhusu mechi ya tarehe mosi Machi: tulishinda matatu kwa mawili. Barafu ilikuwa nzuri. Watazamaji walijaa. Kipa alizuia michomo thelathini na moja na magazeti yalimsifu. Waambie hivyo wanaouliza.

Nilitaka kuja Juni, lakini tuna mazoezi ya kiangazi. Mwambie baba mdogo aendelee kuiliwaza migomba. Je, ule mparachichi nyuma ya jiko bado unazaa? Na paka? Niambie habari za paka.

Mjukuu wako,
Julius


Kibosho, 28 Julai 2025

Julius,

Paka alikufa mwaka 2011. Nimeshangaa kwamba katika habari zote za nyumba hii umeitaka hiyo.

Huku ni baridi ya Julai. Wingu limelala juu ya migomba, halina haraka ya kwenda popote. Tunaishi kwa supu ya mtori. Kahawa imeanza kuiva na Gaspari anachuma yake, kisha anachuma ya baba yako, maana anasema kahawa haisubiri mechi ziishe.

Barua yako nimeisahihisha. Makosa ya herufi ni saba, si mabaya kwa mtu wa ughaibuni. Ila kuna jambo la sarufi lilinisumbua. Nilikufundisha nafsi tatu ukiwa darasa la pili, kwa fimbo na kwa pipi. Mtu akieleza kazi yake husema "nilizuia". Wewe umeandika "kipa alizuia". Nikasema labda ni adabu ya Kizungu.

Kisha Aminieli akashuka mlimani.

Unamkumbuka Aminieli, mtoto wa jirani, mlikuwa mnaiba miwa pamoja. Sasa ni mwongoza wageni, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Mwezi huu alipandisha wageni kwa njia ya Umbwe, na mmoja alikuwa Mslovakia, mhandisi wa madaraja. Aminieli akajivuna kwa niaba ya Kibosho yote. Akamuuliza: "Unamjua Julius, kipa wenu mkubwa? Huyo ni wa kwetu!"

Mgeni akafikiri, akacheka. "Julius? Yule mrefu wa mwisho wa benchi? Namjua sana. Ndiye anayewafungulia wenzake mlango."

Aminieli akadhani ni fumbo. Mgeni akachukua fimbo yake ya kupandia, akamchorea kwenye vumbi: huu ni uwanja, huu ni ukuta, hili ni benchi, na hapa kuna kimlango. Wachezaji wanaingia na kutoka kila dakika. Kipa wa akiba hukaa pale pembeni na kofia yake, anafungua, anafunga. "Anafungua vizuri," mgeni akasema. "Sijawahi kumwona akichelewa."

Kwa hiyo sikuwadanganya watu mazishini. Wewe ni mlinda mlango kweli. Niliuchanganya tu mlango.

Nina swali moja, na safari hii ujibu ulichoulizwa. Tarehe mosi Machi, tulipokuwa tunamwaga udongo juu ya Kornel, huo mlango ulikuwa unafunguka vizuri?

Jambo la mwisho. Ukoo utakaa Jumamosi tarehe 27 Desemba, watu wakiwa wamerudi kwa Krismasi, kuamua kihamba cha baba yako. Gaspari anasema ambaye hakumwaga udongo hana sauti. Babu Anaeli, mwenyekiti wetu, amesema atasikiliza pande zote, maana yake atamsikiliza atakayekuwepo.

Bibi yako,
Mektrida


Kibosho, 15 Septemba 2025

Julius,

Nimekwenda parokiani mara tatu kuuliza barua. Karani ameanza kunionea huruma, jambo ambalo sikulizoea na silitaki. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

M.


Kamenná Lúka, 6 Oktoba 2025

Shikamoo bibi,

Natumaini u mzima, na kahawa imekauka vizuri. Mimi mzima. Barua hii nimeiandika mara sita. Tano za mwanzo zilikuwa za kuchekesha.

Baba mdogo Gaspari alinipigia Jumatatu asubuhi kuniambia baba amefariki. Nilikwenda moja kwa moja kwa kocha. Akanikumbatia, akasema: "Nenda nyumbani, tiketi tutashughulikia sisi." Kwa hiyo waliniruhusu, bibi. Waliniruhusu kabla sijamaliza kuomba, na wewe mwenyewe umeshaelewa ni kwa nini. Timu inayokutegemea haikuachi haraka hivyo.

Jumanne kipa namba moja akaumia nyonga mazoezini. Nilikuwa nimeshafunga begi. Nikarudi kwa kocha.

"Jumamosi atacheza?"

"Hatujui."

"Asipocheza?"

"Ukiwepo, ni wewe. Usipokuwepo tutamwita kipa wa timu ya vijana. Julius, nenda ukamzike baba yako."

Nikamwambia nitabaki.

Miaka kumi na mitatu, klabu nne. Naweza kukuambia ni uwanja gani wa nchi hii una benchi baridi kuliko yote. Nimecheza mechi za kuhesabika, nyingi zikiwa zile ambazo tumeshafungwa sana na namba moja anapumzishwa asiendelee kuaibika. Hii ilikuwa mechi ya kuamua kama tunaingia robo fainali, na kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanauliza: "Julius yuko tayari?" Nilijiambia baba angependa nicheze. Niliisema kwa sauti, peke yangu jikoni, ili niiamini. Baba ambaye kila Krismasi tulizungumza dakika nne, mbili zikiwa za hali ya hewa.

Jumamosi asubuhi namba moja akachomwa sindano, akasema yuko sawa.

Saa nane yenu ni saa sita huku. Wachezaji hulala kidogo mchana kabla ya mechi. Nilipanga kukaa macho, nipige magoti wakati mnamshusha. Nikajilaza kwanza, nijinyooshe. Nililala, bibi. Sikusinzia, nililala usingizi mzito, nikaamka saa mbili baadaye nikiwa nimepumzika vizuri. Mlipokuwa mnamwaga udongo nilikuwa nakoroma.

Jioni nikaenda uwanjani. Namba moja akacheza dakika zote sitini. Uliuliza kuhusu mlango. Ulifunguka vizuri. Sikuchelewa hata mara moja.

Sijui niandike nini tena.

Julius


Kibosho, 3 Novemba 2025

Mjukuu wangu,

Vuli imeanza kwa kujivuta. Gaspari anakohoa. Mimi mzima. Barua yako niliisomea juu ya gunia la buni, na sikuinuka pale haraka. Makosa sikuyahesabu.

Usidhani umenishangaza. Ile Jumatano ulipopiga simu ya Gaspari, ulisema "hawakuniruhusu" mara nne kabla mtu hajakuuliza. Miaka thelathini na mbili nimefundisha watoto. Ambaye kweli ameugua husema "niliumwa" mara moja na kukaa. Nilijua unadanganya, na nikausimamisha huo uongo mbele ya jeneza, nikaunyoosha, nikauvalisha. Kwa hiyo tusianze kutupiana mawe.

Ulilala. Sawa. Mimi babu yako alipokuwa anakata roho nilikuwa jikoni nagombana na muuza maziwa. Hilo nalo hukulijua.

Sasa tuzungumze kazi. Uje tarehe 24. Vaa vizuri, uonekane umechoka kama mtu anayebeba mji. Kwenye kikao useme yale yale niliyosema mimi: mechi, mji, hawakuniruhusu. Ukoo umeshauzoea uongo huu, umefuliwa na kupigwa pasi. Ukiwaletea ukweli wenye matope hawatajua pa kuuweka. Ukiwaambia ulilala, kesho yake asubuhi Gaspari atahamishia ng'ombe wake sebuleni kwa Kornel. Yeye hajui lolote. Aminieli nimemnyamazisha kwa kata mbili za pombe ya mbege na vitisho.

Huu ni ushauri wa mwalimu mstaafu na mwanachama wa wanawake Wakatoliki, WAWATA, wa miaka arobaini. Nitaungama baadaye. Kihamba kwanza.

Bibi yako,
Mektrida


Uwanja wa ndege wa KIA, 29 Desemba 2025

Shikamoo bibi, na pole tena kwa mguu,

Nasubiri ndege. Barua hii nampa Aminieli, amenileta na atakufikishia wodini hapo hospitali ya Mawenzi. Jana jioni nilikuja kukuaga, muda wa kuona wagonjwa ukawa umekwisha, na yule muuguzi wa mlangoni ni kipa mzuri kuliko mimi. Na wewe ulichagua siku: kuanguka kwenye ngazi za kanisa tarehe 23, ukose kikao ulichokipigania mwaka mzima.

Najua Gaspari atakueleza kwa njia yake. Hii ni yangu.

Tulikaa uani kwake, chini ya turubai, watu wapatao thelathini. Babu Anaeli akafungua kwa sala ndefu na kata ya mbege. Akampa Gaspari nafasi. Gaspari akasema: "Mimi sina maneno mengi. Aseme huyu kwa nini hakuja." Akakaa.

Nikasimama. Maneno yako yalikuwa mdomoni, yamenyooshwa kama ulivyosema. Nikaanza, "Hawakuni..." Halafu nikamwona Gaspari anavyonitazama. Uso wa baba kabisa, ila na masharubu. Nikashindwa.

Nikasema: "Waliniruhusu. Nilibaki kwa hiari yangu, nikitumaini mwenzangu aumie zaidi nami nicheze. Hakuumia. Sikucheza. Na saa ile mnamzika baba, nilikuwa nimelala."

Waliokuwa wanatafuna nyama waliacha kutafuna, na unaijua nyama ya Krismasi. Gaspari akauliza polepole:

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala, baba mdogo."

"Unajua mimi saa hiyo nilikuwa nafanya nini?"

"Hapana."

"Nilimzuia padri nusu saa. Mama ameshatangaza huji, mimi nikasema hapana, huyu mtoto namjua, atatokea. Niliwaambia watu gari lako limekwama njiani kutoka KIA. Nimesimama na koleo, natazama barabara, kama mjinga. Kila pikipiki ikipita nasema ni yeye." Akakohoa. "Sikuwa nataka shamba lako." Akafikiri kidogo. "Yaani, shamba nalitaka. Lakini nilitaka kwanza uje usimame mbele yangu useme."

Hukuwahi kuniandikia habari ya hiyo nusu saa, bibi. Sijui kwa nini.

Nikakumbuka sale. Baba aliniambia nikiwa mdogo kwamba Mchaga akipewa jani la sale na mtu anayeomba msamaha, hawezi kukataa. Nikatoka mbio, nikaona jani refu la kijani karibu na mlango, nikalichuma. Nikarudi, nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikampa kwa mikono miwili.

Kisha mama mdogo Violet akapiga ukelele:

"Ua langu!"

Lilikuwa ua la mapambo, bibi. Lile alilolinunua mjini, lililopandwa kwenye ndoo. Turubai zima likalipuka. Babu Anaeli alicheka mpaka kata ikamponyoka, mbege yote ikamwagikia suruali. Mtu mmoja akasema: "Afadhali hata hakupanda mgomba, angetupandia mnazi!" Mimi bado nimepiga magoti, na jani la Violet mkononi.

Aliyekuwa hacheki ni Gaspari peke yake. Akainuka, akatoka. Nikajua imekwisha. Alikaa huko muda mrefu, mpaka Babu Anaeli akaanza kukunja karatasi zake. Kisha akarudi. Alikuwa amekwenda hadi kwenye sale zinazozunguka kaburi la baba. Akaninyang'anya lile la Violet, akaliweka mezani, akanitia mkononi jani la sale, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Hili ndilo," akasema. "Haya. Anza tena."

Nikaanza tena.

Uamuzi umeandikwa. Sehemu ya chini yenye kahawa ni ya baba mdogo, kwa sababu ndiye anayeitunza na kwa sababu anajua kahawa ni nini. Ya juu, yenye nyumba na kaburi, ni yangu, kwa sharti nirudi kila Desemba. Violet ameongeza sharti lake: nije na ua.

Wanaita ndege.

Mjukuu wako,
Julius


Kamenná Lúka, 26 Januari 2026

Shikamoo bibi,

Mguu unaendeleaje? Huku theluji imefika madirishani. Mama ananiambia nikuambie ufanye mazoezi ya kuukunja, kumi asubuhi na kumi jioni, na usijifanye husikii.

Ijumaa kipa namba moja aliugua. Miaka yote nimesubiri mtu kama huyu avunjike mahali, ameangushwa na mafua. Kocha akaja kabatini kwangu, akasema: "Julius, leo."

Nilicheza dakika zote sitini. Tulifungwa matano kwa moja. Nilizuia ishirini na saba. La tatu lilipita katikati ya miguu yangu polepole sana, tungeweza kusalimiana. Baada ya mechi watazamaji waliimba jina langu, sijui kwa upendo au kwa kejeli. Kwa Kislovakia vinafanana.

Klabu imeniambia msimu ukiisha mkataba wangu hautaendelea. Wameniomba nibaki niwafundishe watoto wanaoanza golini, wale wanaoshikilia ukuta. Nimekubali.

Sina neno lingine. Nilitaka tu ujue nimecheza.

Julius


Kibosho, 2 Machi 2026

Mume wangu Julius,

Niko nyumbani tangu katikati ya Januari. Gaspari alinibeba mgongoni kutoka barabarani mpaka mlangoni, na njia nzima alikuwa analalamika kwamba nimenenepa hospitalini. Mazoezi ya mama yako Zuzana nayafanya, nane badala ya kumi, asijione ameshinda. Ua la Violet limechipua tena, na Kibosho yote sasa wanaliita sale la Julius. Watoto wakikosa jibu darasani wanaambiwa wamechuma la Violet. Umeacha alama, hongera.

Nimeungama kwa padri uongo wa mazishini. Akaniambia na yeye ana kazi ya kufanya, maana aliurudia kwenye mahubiri.

Habari ya Gaspari na koleo sikukuandikia kwa sababu nilimwonea haya. Na kuna nyingine ambayo sikukuandikia, ambayo najionea haya mwenyewe.

Kornel alikuwa anakuja kwangu kila Jumapili baada ya misa ya kwanza. Anakaa, anakunywa chai, anatazama nje, anazungumza habari za mvua. Akishasimama kuondoka, mkono uko kwenye kitasa, ndipo anauliza kana kwamba imemjia tu: "Mama, Julius amecheza wiki hii?" Kwako hakuuliza kamwe. Aliwahi kuniambia kwamba mtu aliyekubali mwanawe apandishwe ndege hana haki ya kuuliza alifunga au alifungwa. Na mimi sikujua lolote, barua zetu zilikuwa za kahawa na herufi. Lakini alikuwa amesimama pale. Nikamjibu: "Amecheza. Amezuia yote." Akatabasamu, akaondoka. Jumapili iliyofuata akarudi. Miaka kumi na mitatu, Julius. Kwa hesabu yangu wewe ndiye kipa bora kuwahi kutokea duniani. Kwa hiyo siku ya mazishi sikubuni kitu. Nilikuwa na uzoefu.

Jana ilikuwa mwaka mmoja. Baada ya misa Gaspari alinishika mkono tukaenda mpaka kaburini, mimi na fimbo yangu. Nikamwambia Kornel habari. Nikasema: "Julius amecheza. Dakika sitini. Amefungwa matano."

Gaspari akanigusa kwa kiwiko. "Mama, sema basi mawili. Marehemu ataumia."

Nikamwambia anyamaze, hakuna aliyemuuliza. Nikarudia, kwa sauti, maana hata akiwa hai Kornel alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto:

"Matano, mwanangu. Moja lilimpita katikati ya miguu. Lakini alikuwepo."

Bibi yako,
Mektrida